ULIZA TICHA: Shule ipo mbali, mto umejaa, mtoto afanyeje?

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi kutoka vijijini ndani ndani huku nyanda za juu kusini, Usangu, Kilolo, Makete mpaka kule ziwani Ludewa, nadhani ni kwa vile shule zimefunguliwa na mvua nayo haijakata. Nimechagua chache ambazo naona zinagusa wengi, zinazofanana nimeziunganisha. Majina sijaweka, mana mmoja aliniambia kabisa "ticha, mwalimu mkuu akijua ni mimi nimekwisha".

SWALI: Shikamoo ticha. Mimi ni mama wa watoto wanne niko Usangu, wilaya ya Mbarali. Kitongoji chetu ni cha wakulima wa mpunga na wafugaji tuliohamia, shule ya kijiji ipo kama kilometa tisa na katikati kuna mto, kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa nne hapapitiki, hata boda wanagoma. Wazazi tulichanga tukajenga boma la darasa moja, limefika kwenye lenta na limekaa hivyo mwaka wa pili huu. Kuna kijana kamaliza form four anawafundisha watoto chini ya mti, tunamlipa mpunga. Mwanangu wa tatu ana miaka 7, nimwanzishe hapo hapo au nisubiri akue aweze kuvuka? Na kaka yake ana 12 hajasoma kabisa, alikuwa anachunga, bado anaweza kuanza?
Mama wa wanne, Mbarali

JIBU: Marahaba mama. Kwanza usisubiri. Mtoto wa miaka 7 kwa sheria ya elimu ya 1978 anatakiwa awe kaandikishwa shule ya msingi, na ukimsubirisha mpaka awe na nguvu za kuvuka mto atakuja kuingia darasa la kwanza ana miaka 10, anakaa na watoto wa sita, anaona aibu, miaka miwili mbele kaacha. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Sasa hicho mlichoanzisha hapo kwenye mti kina jina serikalini, kinaitwa shule shikizi, au kituo shikizi, na wala sio kitu cha kuiba iba. Shule shikizi ni tawi la shule iliyosajiliwa, ile ya kilometa tisa ndio shule mama, na mwalimu mkuu wa shule mama ndio msimamizi wa huo mti wenu. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako na wenzako ni hili, je watoto hao wapo kwenye daftari la shule mama? Mana kuna vitongoji watoto wanasoma miaka mitatu kwenye mti, wanajua kusoma vizuri tu, alafu ikifika upimaji wa darasa la nne inagundulika hawapo kwenye mfumo. Siku hizi kila mwanafunzi wa msingi anaingizwa kwenye PREM, mfumo wa baraza la mitihani, anapewa namba yake, na bila hiyo namba hafanyi mtihani wa taifa. Kwa hiyo siku mto ukipitika tu mtumeni mwenyekiti wa kitongoji na wazazi wawili watatu, wavuke wakiwa na orodha ya majina ya watoto, tarehe za kuzaliwa na majina ya wazazi, wamkabidhi mwalimu mkuu na wabaki na nakala. Akikataa muulizeni kwa upole anakataa kwa sababu gani, alafu nendeni kwa Afisa Elimu Kata.

La boma. Hapa ndio watu wengi wa nyanda zetu wanapokwama, na sio kwa uvivu, wananchi wa huku kujitolea wanajua tangu zamani, mwaka 1977 wakati wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, vijiji vilifyatua tofali na kujenga madarasa yao, sisi wengine tulisomea humo humo. Tatizo ni kwamba watu wanajenga kwanza, wanaomba baadae. Halmashauri ina ramani yake ya darasa, ina vipimo vyake vya urefu na upana na madirisha, na injinia akija akakuta boma lenu limejengwa kwa kamba na macho hawezi kuliwekea hela ya serikali, mana akiezeka likaanguka anayeulizwa ni yeye. Kwa hiyo kabla hamjaongeza hata tofali moja ombeni fundi wa halmashauri aje alikague. Akisema linafaa aandike. Akisema halifai, bora mjue leo kuliko baada ya kununua bati.

Alafu sasa njia ya hela. Itisheni mkutano mkuu wa kijiji, sio wa kitongoji, wa kijiji, na ajenda iandikwe wazi, kuomba kumaliziwa boma na kusajili shule. Muhtasari usainiwe na mtendaji na mwenyekiti, mahudhurio yaambatanishwe. Na kingine ambacho watu wanasahau, muhtasari wa ardhi, nani katoa eneo, ekari ngapi, kasaini yeye na familia yake, mana nimeona shule imesimama mzee aliyetoa eneo akafariki na watoto wake wakaja kudai wanataka kulima. Huo muhtasari unakwenda kamati ya maendeleo ya kata, ile WDC, na pale diwani wenu ndio anatakiwa aubebe mpaka halmashauri. Muda ni muhimu kuliko mnavyofikiri, mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na bajeti ya halmashauri inaanza kupikwa miezi mingi kabla ya hapo, kwa hiyo muhtasari wa mwezi wa tano umeshachelewa, utasubiri mzunguko mwingine. Mkutano wenu ufanyike mpunga ukishavunwa, ikifika mwezi wa kumi karatasi ziwe kata.

Na hela huwa zinakuja kweli, sio hadithi. Mwaka 2021 ule mkopo wa UVIKO-19 wa trilioni 1.3 ulijenga madarasa 15,000 nchi nzima, kati ya hayo 12,000 yalikuwa ya sekondari na 3,000 yalikwenda shule shikizi, milioni 20 kila darasa. Baada ya hapo ukaja mradi wa BOOST wa shule za msingi, mkopo wa Benki ya Dunia dola milioni 500. Sasa vijiji vilivyopata vilikuwa vipi? Vile ambavyo halmashauri ilikuwa navyo kwenye orodha. Hela ya namna hii ikishuka inashuka kwa haraka, wanataka darasa liishe ndani ya miezi michache, hakuna anayeanza kuzunguka Usangu kuuliza nani ana shida, wanafungua faili. Kama mti wenu haupo kwenye faili basi haupo.

Usajili wenyewe unaombwa na mkurugenzi wa halmashauri, wathibiti ubora wa shule wanakuja kukagua, na kibali kinatoka kwa Kamishna wa Elimu. Watakachoangalia sio madarasa tu. Vyoo, mama, vyoo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na hili ndilo linaloangusha vijiji vingi mana watu wanachangia darasa kwa moyo mmoja ila choo hakuna anayetaka kuchangia. Mkiweza fikirieni na nyumba ya mwalimu, hata ya vyumba viwili. Mwalimu akipangiwa sehemu hakuna nyumba, hakuna mtandao, mto umejaa, anaripoti, anakaa wiki mbili, anaanza kutafuta barua ya uhamisho, na mimi simlaumu sana.

Yule kijana wenu endeleeni kumlipa, na mwombeni mwalimu mkuu awe anampitia maandalio yake ya somo, na hata mara moja kwa wiki kiangazi atume mwalimu.

Kaka mtu wa miaka 12: anaweza. Kuna MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, una makundi mawili, miaka 11 mpaka 13 na miaka 14 mpaka 18. Yeye ni kundi la kwanza, wanafundishwa kwa kasi, wanafanya upimaji wa darasa la nne alafu wanaunganishwa na wenzao darasa la tano. Muulize Afisa Elimu Kata darasa la MEMKWA lililo karibu lipo shule gani, mana sio kila shule wanalo. Kama halipo na mpo wazazi wenye watoto hao kumi au kumi na tano, lisemeni kwenye huo huo mkutano mkuu. Ila ng'ombe itabidi mtafute mchungaji mwingine, hapo sina namna ya kuwasaidia.

SWALI: Kamwene ticha. Mimi mzazi huku Kilolo, nauliza hivi elimu bure maana yake nini? Kila wiki mtoto anakuja na karatasi, mara mahindi debe na maharage, mara elfu mbili ya mlinzi, mara mia tano ya mtihani wa kila ijumaa, mara twisheni. Wiki iliyopita karudishwa nyumbani na wenzake eti hatujalipa. Rais alishasema ni bure sasa hawa walimu wanatoa wapi ubavu?
Baba mwenye hasira, Kilolo

JIBU: Kamwene baba, hasira zako ninazielewa ila tutenganishe mambo, mana kwenye hiyo karatasi kuna vitu vya aina tatu vimechanganywa.

Kilichofutwa kuanzia Januari 2016 ni ada na michango ya lazima, kwanzia awali mpaka form four, na mwaka 2022 wakaongeza form five na six. Ile elfu 20 ya kutwa na elfu 70 ya bweni tuliyokuwa tunalipa sekondari ndio ilikufa pale. Badala yake serikali inapeleka ruzuku, kwa msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, ambapo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 inakwenda akaunti ya shule. Piga hesabu mwenyewe. Shule ya watoto 300 inapata milioni moja na laki nane kwa mwaka, yani laki na nusu kwa mwezi, hapo kuna chaki, mitihani, ukarabati mdogo mdogo, michezo na mambo ya ofisi. Sisemi hivyo kumtetea mtu, nasema ili ujue kwanini karatasi zinakuja.

Waraka wa serikali uliofuta ada ndio huo huo ulimwachia mzazi kazi zake, sare, madaftari, matibabu, na chakula cha mtoto wa kutwa. Kwa hiyo mahindi na maharage sio wizi. Na kwakweli baba kwa baridi ya Kilolo mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili na kikombe cha chai ya rangi, ukamweka mpaka saa nane bila kitu, hapo hata aje profesa kumfundisha haingii kitu. Ila chakula kinakubaliwa na wazazi kwenye mkutano, kiasi kinajulikana, kinakusanywa na kamati ya wazazi na serikali ya kijiji, sio na mwalimu wa zamu. Ulikuwepo kwenye huo mkutano? Nauliza tu. Asiye na mahindi anaweza kukubaliana na kamati alete kuni au afanye kazi ya kupika, na anayelima viazi aombe kulipa msimu wa viazi, haya yanapangika mkikaa.

Mlinzi, tofali, madawati hiyo ni hiari, na lazima iwe na baraka za halmashauri. Mwanzoni mwa 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni na akaelekeza anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi, walimu wasishike hela za wazazi. Twisheni ya kulipia ya lazima hiyo haina mjadala, haipo. Mtihani wa ijumaa nao una fungu lake kwenye ruzuku hata kama ni dogo.

Ila la kurudishwa nyumbani ndio kosa kubwa kuliko yote. Mtoto hafukuzwi kwa sababu ya mchango, hata wa chakula. Kuwa mpole ila andika. Barua moja fupi kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya shule na Afisa Elimu Kata, tarehe mtoto aliyorudishwa na sababu aliyoambiwa. Sio kwenda kufoka pale getini, ukifoka utaonekana mlevi (samahani baba, ila ndivyo inavyokuwa) na mtoto ndiye anayebaki darasani na huyo mwalimu mpaka novemba. Na kuna kitu kimoja wazazi mnakiacha bure kabisa, shule inatakiwa ibandike mapato na matumizi ya ruzuku ubaoni mtu yeyote asome. Nenda kasome. Kama hakuna kilichobandikwa, hilo ndio swali la kuuliza kwenye kikao kijacho, na liulize mbele ya watu.

SWALI: Ticha mambo, mimi nina miaka 20 niko Rungwe. Nilipata mimba nikiwa form three nikaacha, mtoto sasa anatembea. Nasikia serikali imeruhusu kurudi ila naona aibu kurudi kukaa na watoto wa miaka 16, na mama hawezi kukaa na mtoto mana anashinda kwenye shamba la chai. Nifanyeje nipate cheti cha form four?
Mama kijana, Rungwe

JIBU: Poa mdogo wangu. Ni kweli, novemba 2021 wizara ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi kwenye shule ya serikali, kabla ya hapo mlango ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo ukienda pale ulipoachia, au shule nyingine ya jirani ambayo hawakujui, mkuu wa shule hana ubavu wa kukukatalia kwa sababu ya mtoto. Ila kama moyo umekataa kuvaa sketi ya shule tena basi usijilazimishe, kuna njia nyingine na kwa umri wako naona ndio nzuri zaidi.

Kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, ipo toka 1975 na ina ofisi mikoani, Mbeya wapo. Wao wanafundisha sekondari kwa njia mbadala, form one na two unasoma mwaka mmoja, three na four mwaka mmoja. Kupitia mradi wa SEQUIP wasichana waliokatisha masomo kama wewe wanasoma bila ada kwenye vituo vyao. Wewe uliacha form three, maana yake upimaji wa form two ulishafanya. Kama ulifaulu, ile QT (mtihani wa kukuruhusu kufanya wa form four) ambayo watu watakwambia lazima ufanye haikuhusu, unakwenda moja kwa moja hatua ya pili. Tafuta namba yako ya mtihani wa form two, ndio kitu cha kwanza watakuuliza, na kama huikumbuki shule uliyosoma wanayo.

Kuhusu mtoto. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, wengine mnaviita FDC, vingi vina sehemu ya kulea watoto mama anapokuwa darasani, na wanafundisha sekondari pamoja na fani, ushonaji, mapishi, umeme na nyinginezo. Kwenu huko karibu kuna Nzovwe pale Mbeya, wa Iringa wana Ilula, Njombe wana Ulembwe. Nenda Nzovwe siku ya kazi, sio jumamosi, uliza nafasi za mama vijana na uliza bweni. Ukienda na mtoto mgongoni sio tatizo, wamewazoea.

Na kuhusu aliyekupa mimba hujaniuliza kwa hiyo na mimi sisemi kitu, ila ujue tu sheria ipo toka 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30.

SWALI: Ticha mjukuu wangu anaanza darasa la kwanza, wanadai cheti cha kuzaliwa, hana, alizaliwa nyumbani na mama yake yuko Dar. Atakataliwa?
Bibi, Kyela

JIBU: Shikamoo bibi. Asikataliwe, waambie cheti kinafuatiliwa na mtoto aanze. Kama ana mdogo wake chini ya miaka mitano wahi sasa hivi, mana mkoa wetu wa Mbeya ndio ulianza mpango wa RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, wa kuwaandikisha watoto hao bure mwaka 2013, unapata cheti zahanati au ofisi ya kata bila kwenda wilayani. Huyu mkubwa ameshapita umri huo kwa hiyo ni wilayani, nenda na barua ya mtendaji, kadi ya kliniki kama ipo, na kitambulisho cha mama yake hata cha picha kwenye simu kiprintiwe.

SWALI: Nahamia Mafinga kikazi toka Tunduma, uhamisho wa mtoto darasa la tano nabeba barua gani?
Dereva

JIBU: Siku hizi sio barua tu. Ongea na shule ya Mafinga kwanza wakubali wana nafasi, alafu mwalimu mkuu wa Tunduma anaanzisha uhamisho kwenye PREM na wa Mafinga anampokea humo humo. Usimchukue mtoto kimya kimya ukadhani utamalizia baadae kwa simu, anakuwa anasomea Mafinga na jina lipo Tunduma, na mtihani wa kumaliza msingi hauko mbali.

SWALI: Ticha habari. Mimi ni yatima nimemaliza form six, niko kijijini Makete, nasubiri chuo. Nataka kuomba mkopo, ila huku mtandao mpaka upande mlimani na steshenari mjini wanachaji wanavyotaka. Baba na mama walifariki nikiwa mdogo, vyeti vya vifo havipo. Nalelewa na shangazi, yupo TASAF. Naomba msaada.
Kijana, Makete

JIBU: Pole sana mwanangu, na hongera kwa kumaliza. Hili lako lina haraka na linawezekana, lakini lianze leo sio dirisha likifunguliwa.

Bodi ya mikopo maombi yake yote ni mtandaoni, ila kazi yenyewe ipo kwenye karatasi. Kinachowakosesha mkopo watoto wengi wa huku sio umaskini wao kutoonekana, ni viambatanisho. Unaandika wewe ni yatima, huna cheti cha kifo kilichohakikiwa, mfumo unakuchukulia kama una wazazi wote wawili. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo lazima vihakikiwe na RITA, nayo inachukua siku kadhaa, na kipindi cha msimu foleni inakuwa ndefu hata kama ni ya mtandaoni.

Wazazi wako kama walifia nyumbani au vifo havikuandikishwa, na kwa Makete ya miaka ile ninajua familia nyingi ilikuwa hivyo, unaweza kuandikisha kwa kuchelewa. Anza kwa mtendaji wa kijiji, akuandikie barua ya kuthibitisha kifo cha kila mmoja, mwaka, na kaburi lilipo, shangazi na mzee mwingine wa ukoo wawe mashahidi. Kama mmoja alifia hospitali rudini pale muombe kumbukumbu. Barua hizo zinakwenda ofisi ya mkuu wa wilaya, kwa katibu tawala, yule ndiye msajili wa vizazi na vifo wa wilaya. Nenda na shangazi, usiende peke yako, na majina ya marehemu yawe sawa na yaliyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa herufi kwa herufi. Kwetu huku mtu anaitwa jina la ubatizo kanisani, la ukoo shambani, na la utani kwenye daftari la kijiji, alafu mtoto ndiye anayekuja kuumia.

TASAF ya shangazi itaje. Kaya ikiwa kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini kuna namba yake, na fomu ya mkopo ina sehemu ya kuijaza, wengi wanairuka eti wanaona aibu. Usiiruke. Nakili hiyo namba kwenye kadi ya shangazi leo leo.

Kitambulisho cha NIDA, kama kadi haijatoka namba inatosha. Fomu ukishaprinti inasainiwa na serikali ya kijiji, na kuna sehemu ya hakimu au wakili, kwa hiyo panga safari moja ya mjini ufanye vyote, mahakama ya mwanzo asubuhi na steshenari mchana. Kuhusu huyo wa steshenari, usimwachie akujazie mwenyewe na kukuchagulia neno la siri. Kaa pembeni yake, soma kila ukurasa kabla hajabonyeza, na namba ya simu iwe yako sio yake. Kuna watoto meseji za mkopo zilikwenda kwa mtu wa steshenari ambaye alishabadilisha laini.

Na kama ulisoma sayansi na ufaulu wako ni wa juu kabisa, angalia pia Samia Skolashipu, ilianza mwaka wa masomo 2022/23, ile ni ufadhili, hurudishi. Ukikosa digrii usidhani mlango umefungwa, toka 2023/24 bodi inatoa mikopo hata kwa baadhi ya kozi za diploma.

SWALI: Mwanangu ana miaka 8 hasikii na haongei, yuko nyumbani tu huku Wanging'ombe, mwalimu kasema hawezi kumfundisha. Je kuna shule ya serikali?
Mama

JIBU: Shule ipo mama, tena hamko mbali nayo, Njombe kuna shule ya viziwi ya kanisa la KKKT miaka mingi sasa. Ila usimbebe mtoto ukaenda nae moja kwa moja, nenda halmashauri uulize Afisa Elimu wa elimu maalum, kila halmashauri inatakiwa iwe nae. Yeye anapanga mtoto apimwe kwanza, mana kuna watoto wanaambiwa viziwi kumbe masikio yana usaha wa muda mrefu na wanasikia kidogo, hao wakitibiwa au wakipewa kifaa wanasoma shule ya kawaida. Akishapimwa anaandikiwa shule. Kwa mzazi mwenye mtoto asiyeona, pale Mafinga kuna shule ya msingi Makalala ambayo inawapokea, utaratibu ni huo huo.

Miaka 8 hajachelewa. Ila lugha ya alama anatakiwa aianze mapema, na wewe na ndugu zake pia mjifunze, kwa hiyo ukimpeleka bweni omba walimu wakufundishe japo ishara za nyumbani, chakula, choo, maji, kuumwa, ili likizo akirudi muongee nae. Nauli ya bweni na godoro ndio vitakuwa kazi yako, anza kuvitafuta, na mpigie mtendaji wa kata umuulize kama mfuko wa maendeleo ya jamii, TASAF, una chochote kwa mtoto mwenye ulemavu. Namba ya ofisi ya elimu maalum ukiikosa nitumie meseji tena, niambie tu kata yako.